Mama Mkwe Mgongoni

Video ilivuka mpaka kabla ya Shukuru. Yeye alikuwa bado amesimama kwenye foleni pale Gisenyi, upande wa Rwanda, pasipoti mkononi, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, wakati kijana mmoja wa pikipiki alipomtazama, akaitazama simu yake, akamtazama tena. Kisha akamwita mwenzake. Shukuru hakuhitaji kuambiwa wanacheka nini. Goma nzima ilikwisha kumwona akikimbia peku katika mtaa wa Istanbul, na mama mkwe wake mgongoni.

Mbele yake kwenye foleni hiyo walisimama watu watatu aliosafiri nao: Mzee Kitwana, mfanyabiashara wa vitenge wa mtaa wa Mapendo, mke wake Mama Farida, na binti yao Asumini. Mzee hakugeuka nyuma. Mama Farida alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani. Asumini peke yake ndiye aliyegeuka, akamwangalia Shukuru kidogo tu, akaugeuza uso. Katika jicho lile Shukuru alitafuta mapenzi, akakuta haya, na haya ile ilimchoma kuliko kicheko cha wale vijana wote wa pikipiki.

Lakini wewe unayesoma, usikimbilie kucheka. Mimi nilicheka, tena hadi nikashika mbavu, na sasa ninaposimulia naona vibaya. Ngoja kwanza ujue yule mama alifikaje pale mgongoni.

Shukuru alikuwa dereva wa lori la Mzee Kitwana, kijana wa Katoyi, mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Alimpenda Asumini kwa muda mrefu bila kumwambia mtu, maana dereva kumpenda binti wa tajiri wake ni kutafuta kufukuzwa kazi. Siku Asumini alipochoka kungoja, akamwambia yeye mwenyewe pale uani, huku akijifanya anaulizia mzigo wa Butembo, kwamba kama hatamtuma mtu kwa baba yake, basi atakuja mwingine. Kesho yake Shukuru alikwenda kumwamsha baba yake mdogo, Papa Aruna, ambaye ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa. Wakapeleka posa: sinia lenye vitenge viwili vya mama, kanzu ya mzee na udi, limefunikwa kitambaa cheupe.

Kwa desturi ya nyumba ile sinia likiingizwa chumba cha ndani, posa imekubaliwa. Likirudishwa barazani mikononi mwa waliolileta, basi mambo yamekwisha. Mzee Kitwana hakufanya hili wala lile. Aliliacha sinia juu ya kabati la saloni, chumba cha kupokelea wageni, akasema kwamba wazee wake wa Kasongo walimfundisha jambo moja: mtu humjui mpaka usafiri naye. Yeye na familia yake walikuwa wanakwenda Istanbul baada ya Idi, kutazama jiji na kununua vitambaa. Kijana atakwenda nao, na jibu litatoka watakaporudi.

Basi Shukuru, ambaye hajawahi kupanda ndege, akajikuta katika jiji ambalo ukisimama juu ya mnara hulioni mwisho wake upande wowote. Jiji lilimpokea kwa aibu ndogo ndogo. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ngazi inayotembea yenyewe, akaingoja isimame ili apande, mpaka watu wakajaa nyuma yake wakinung'unika kwa lugha yao. Ndani ya tramu alitoa salamu kwa sauti kama anavyofanya kwao, akawageukia wote. Wazee wawili waliitikia, wengine wakainamia simu zao. Alipoletewa chai katika kibilauri kidogo cha kiuno chembamba, aliimeza mara moja na kuuliza chai yenyewe inakuja lini. Mzee Kitwana alikuwa akikohoa kila mara, na kila kikohozi Shukuru alikihesabu kuwa hatua moja sinia linasogea barazani.

Asumini hakukohoa. Asumini alicheka, na kucheka kwake hakukuwa na ubaya. Katika soko kubwa lililofunikwa paa, ambamo mtu anaweza kupotea na kuzeeka humo humo, alibishana bei na muuza vitambaa kwa vidole na macho tu, kama wanavyobishana kule kwao katika soko la Birere, mpaka yule bwana akainua mikono na kumpa alichotaka. Alipoushinda ubishi ule hakumwangalia baba yake. Aligeuka kuona kama Shukuru ameona. Shukuru alikuwa ameona tangu mwanzo, wala hakuwa ameangalia kitu kingine.

Waliingia katika msikiti mkubwa, Mama Farida akainua uso kuelekea kuba lile, machozi yakamtiririka bila sauti. Wakapanda meli ya abiria inayovuka mlango wa bahari, asubuhi wako Ulaya, adhuhuri wako Asia, na hakuna aliyewauliza karatasi. Kwa mtu anayepanga foleni ili kuvuka Gisenyi kununua maziwa, hiyo peke yake ilitosha kuwa hadithi. Juu ya sitaha, upepo ukiuvuta mtandio wake, Asumini alisogea akasimama hatua mbili kutoka kwake, huku wote wawili wakijifanya wanatazama ndege wa majini.

"Ukinioa, utanirudisha huku?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Nitakurudisha."

"Sema kweli."

"Tutaanza na Gisenyi kwanza. Tukizoea, tunaendelea."

Asumini alicheka mpaka mama yake akakohoa naye, lakini kikohozi cha Mama Farida kilikuwa na tabasamu ndani yake. Shukuru alikiona, akalala siku ile akiwa mtu mwenye furaha.

Sasa sikia lilivyoingia balaa. Familia ilikuwa imepanga nyumba ya ghorofa, etaji ya tatu. Shukuru alilala ng'ambo ya barabara pamoja na wafanyabiashara wengine wa Kongo, kwa sababu mchumba halali chini ya paa moja na binti anayemposa. Hakuwahi kupanda kule juu. Siku moja kabla ya kurudi, Mzee Kitwana alimwita kwa chakula cha mchana. Mwaliko wenyewe ulikuwa dalili njema, na kila mtu aliijua. Shukuru alioga mara mbili, akavaa kanzu yake, akaacha viatu mlangoni na kuingia akiwa ameinamisha macho, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa. Kwao mama mkwe hashikwi mkono, hatazamwi usoni, wala hukai naye kiti kimoja. Mama Farida aliweka mezani wali na ndagala, dagaa wa ziwani, alizotoka nazo Goma, akarudi nyuma hatua chache. Mzee alikwenda kunawa mikono katika korido, karibu na mlango. Asumini alikuwa anapanga sahani.

Ndipo sakafu ilipotetemeka. Bilauri ziligongana, taa ikayumba, na kutoka chini kabisa ya nyumba ukapanda ule mngurumo mzito ambao mtu wa Goma haulizi ni wa nini.

Ilikuwa treni ya chini ya ardhi. Ilipita chini ya nyumba ile mara nyingi kwa siku, na familia ilikwisha kuizoea tangu kufika. Hakuna aliyefikiria kumwambia Shukuru. Yeye alijua jambo moja tu. Mwaka uliopita, mlima Nyiragongo, volkano ya Goma, ulipomwaga moto na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, mji ulipoambiwa uhame, alimbeba mama yake mgonjwa wa nyonga kwa miguu hadi Sake. Katika siku zile kila nyumba ilipotikisika alimweka mama yake mgongoni kabla ya kujua amefanya nini, na mwili wake haukuwa umesahau.

"Mulima!" alipiga kelele.

Akachuchumaa mbele ya mama aliyekuwa karibu naye, akamvuta mikono mabegani, akajaribu kuinuka akashindwa, mara ya pili akainuka naye. Asumini alisema ni treni, lakini alikuwa anaongea na mgongo wa mama yake. Shukuru alikwisha kufika kwenye ngazi. Mama Farida ni mama mwenye mwili, na pale etaji ya pili kitenge chake kilinasa kwenye chuma cha ngazi kikabaki huko. Walitokea mtaani, kijana peku anahema, na mama wa watu mgongoni kwake amebaki na gagulo la rangi ya waridi, mtandio umemwangukia usoni. Binti mmoja wa duka la mikate aliinua simu.

Na pale ng'ambo ya barabara, mbele yao, alikuwa amekwisha kusimama Mzee Kitwana.

Mzee alijua kwamba ni treni, kama wote. Lakini neno lile, likipigwa kwa sauti ile, haliingojei akili. Alikuwa ametangulia ngazi zote. Alikuwa na mkoba wa pasipoti kwapani, na viatu miguuni, kamba zimefungwa. Macho yake na ya Shukuru yalikutana, na Shukuru aliona katika uso wa mzee kitu ambacho hakutaka kukiona tena maishani, kwa hiyo akatazama chini. Ndipo mzee alipopata sauti na kuanza kumfokea amshushe mke wake, akiuliza ni shetani gani huyu amemletea kwake. Mama Farida alijifunika kwa mikono, akapandishwa ndani, akajifungia chumbani. Hakutoka hadi asubuhi ya safari, kesho yake.

Aibu ya Shukuru haikuwa na kipimo. Mikono yake ilikuwa imeshika mapaja ya mama wa mchumba wake. Kila alipofumba macho aliliona gagulo lile, akatamani hiyo treni ingekuwa mlima kweli. Lakini aliloliona ng'ambo ya barabara alilifungia moyoni. Hakumwambia mtu. Mzee alikuwa baba wa Asumini, na mtu akikuta mzazi uchi hupitisha macho pembeni, hata kama mzazi huyo anamtukana.

Ndivyo walivyorudi Goma. Nyumba ya Katoyi aliikuta imejaa. Vita vilikuwa vimefika mashamba ya Kibumba, kaskazini ya mji, na ndugu za mama yake, Mama Uwingabire, walikuwa wameshuka na magodoro na mbuzi mmoja. Hata wao, pamoja na mashaka yao yote, walikuwa wameiona video. Watoto walinyamaza alipoingia. Mjomba wake alimshika bega, akakaza midomo isicheke, akashindwa.

Kesho yake mchana Asumini alikuja na ndoo ya maharage ya kuwasaidia wageni. Maharage yalikuwa kisingizio, na Mama Uwingabire, mtu mzima, alichukua ndoo akaenda kuyachagua mbali.

"Sikuje juu ya video," Asumini alisema. "Batu bacheke, batachoka."

"Ulikuja juu ya nini?"

"Ulimubeba mama. Miye ukanipita."

Shukuru alitazama mikono yake. Alisema kwamba yeye ana miguu, lakini mama yake magoti yanamuuma, kila mtu anajua.

"Najua. Ile nimejiambia mara mingi. Lakini ulinipita pale kwa meza. Hata jina langu hukuita."

Lilikuwa kweli, na ndilo lililomtoa machozi. Kwa siku zote zile alikuwa amejionea haya mbele ya mama, mbele ya mzee, mbele ya Waturuki wa watu, wala hakukumbuka kujionea haya mbele ya huyu mmoja. Alikuwa na sauti ya neno moja, akalitumia kuuita mlima.

"Sikukuita," alisema. "Nilikosa, Asumini. Ile nitakuomba pardon hadi nizeeke."

Asumini hakutegemea jibu hilo. Alikuwa amekuja na ugomvi wake kamili, na sasa ugomvi ulikosa mahali pa kushika. Aliketi kwenye kibao, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwambia kwa sauti ndogo kwamba shangazi yake, Tantine Shakila, hatoki nyumbani kwao, na kila anayekuja huonyeshwa video. Baba yake amekwisha kuita kikao cha kesho. Sinia litarudishwa.

"Nipatie neno," alisema. "Neno moja tu la kukutetea. Ulikuwa na sisi siku ile. Hakuna kitu naweza kumuambia papa, anyamaze?"

Neno Shukuru alikuwa nalo. Lilikuwa jepesi, lilikuwa kweli, na lingemnyamazisha mzee hadi Idi nyingine. Alimtazama Asumini, macho yale aliyoyapenda kabla ya kuthubutu kuyatazama, akaona jinsi ambavyo macho hayo yangemtazama baba yake kuanzia siku ile.

"Sina," alisema.

"Basi hunipendi vile unasemaka." Akainuka, akaondoka bila kuchukua ndoo yake.

Mama Uwingabire alirudi, akakaa palepale alipokuwa amekaa Asumini. Alimzaa mwenyewe, hawezi kudanganywa. Alimwambia kwamba anaona kuna kitu anakimeza, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

"Uchi hauko wangu, mama," Shukuru alijibu. Mama yake akainuka, akarudi kwenye maharage.

Kikao kilikaliwa baada ya sala ya Alasiri, katika saloni ya Mzee Kitwana pale Mapendo. Mzee alikaa kwenye kiti kikubwa, dada yake Tantine Shakila kushoto kwake, simu mapajani. Papa Aruna alikaa mkabala nao, mikono magotini. Shukuru aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, kwa sababu mposaji hana kauli mbele ya wazee. Wanawake wa nyumba walikuwa nyuma ya pazia. Sinia lilikuwa limeshushwa kutoka kabatini, limewekwa mezani, vumbi limepanguswa. Kulipangusa vile lilikuwa jibu tosha.

Papa Aruna alianza kwa kuomba radhi. Alizungumza vizuri, mzee yule. Hakumtetea kijana, alisema tu kwamba mtoto wao amekosa, na kosa la mtoto ni la baba, na baba ndiye huyu amekaa. Tantine Shakila hakumngoja amalize. Alibonyeza simu, na katika saloni ile kikasikika kicheko cha yule binti wa duka la mikate.

"Mwangalie mwenyewe," alimwambia Papa Aruna. "Mukwe gani anashika mama mukwe pale? Kila soko niko naingia, banauliza rangi ya gagulo ya wifi yangu."

Shukuru aliinama mpaka kidevu kikagusa kifua. Alisikia masikio yake yakiwaka moto. Mzee Kitwana alimwomba dada yake azime simu, kisha akaongea polepole, kama mtu anayesoma kitu alichokiandaa. Alisema hana chuki na kijana. Kazi yake ya lori ataendelea nayo kama anataka. Lakini safari ni kipimo, na kipimo kimesema. Mtu akipatwa na woga ndipo tabia yake hutoka nje, na tabia iliyotoka kwa Shukuru kila mtu ameiona.

"Mutu mwenye kupoteza akili juu ya mungurumo wa treni," alisema, "siwezi kumupatia mutoto wangu."

Papa Aruna aligeukia mlangoni. "Shukuru, mutoto, weye uko na neno?"

"Sina, papa."

Mzee alinyoosha mkono kuelekea kwenye sinia. Hapo ndipo pazia lilipofunguka, na Mama Farida, ambaye hakuwa ametamka lolote mbele ya watu tangu Istanbul, akatoka akasimama katikati ya saloni. Tantine Shakila alianza kumwambia arudi ndani. Mama Farida hakumtazama.

"Rangi ilikuwa ya waridi," alisema. "Wakikuuliza tena, wajibu."

Kisha akamgeukia mume wake. Hakupaza sauti. Watu waliokuwa pale wanasema afadhali angepaza.

"Mu deux mille deux, ule mwaka wa elfu mbili na mbili, mulima ulipowaka, nilikuwa na mimba ya huyu Asumini. Nilifika Gisenyi na miguu yangu. Weye nilikukuta kule, umekalia robota ya vitenge. Nikasema ni woga, woga inashikaka kila mutu, nikanyamaza. Miaka yote nimenyamaza. Sasa tuko Stambuli, ni treni, na weye unajua ni treni. Tumefika chini, huyu mutoto peku, miye bila kitenge. Na weye, muzee, tumekukuta pale mbele. Na viatu umevaa. Umefunga hata kamba."

Nyuma ya pazia Asumini aliweka mkono mdomoni. Mzee Kitwana aliangalia meza. Tantine Shakila ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi, akasema kwamba wifi yake alikuwa na mtandio usoni, kila mtu amemwona katika video, angeonaje mtu ng'ambo ya barabara? Kisha akamgeukia Shukuru, kwa mara ya kwanza akizungumza naye kama mtu.

"Weye ulikuwa na macho wazi. Sema. Ulimukuta muzee chini?"

Papa Aruna alimwangalia kijana wake kwa matumaini makubwa. Asumini alikuwa ameshika pazia, sasa anaonekana wazi, na macho yake yalikuwa yanamsihi aseme. Ndiyo moja tu, na sinia linaingia ndani. Shukuru aliinua uso. Alimwona Mzee Kitwana akiwa amefumba macho, kama mtu anayengoja kupigwa.

"Nilikuwa naangalia ngazi, mama," alisema. "Niliogopa mama asianguke. Mutu wa mbele sikumuona."

Tantine Shakila alipumua. Papa Aruna alitikisa kichwa kwa uchungu. Asumini aliliachia pazia, na Shukuru alisikia hatua zake zikirudi ndani, akajua amempoteza. Mama Farida peke yake hakuonyesha kukasirika. Alimtazama kijana kwa muda mrefu, jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

Mzee Kitwana alifumbua macho. Nje mwadhini wa jirani alijaribu kipaza sauti chake, akaacha. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi.

"Aliniona," alisema. "Tuliangaliana na yeye, macho kwa macho. Na miye nikaanza kumutukana, ili yeye njo aonekane, si miye."

Dada yake alimshika mkono. Akautoa taratibu.

"Ile siku yote nilikuwa nangoja aseme. Kwa ndege nilikuwa nangoja. Hapa pia, sasa hivi, nilikuwa nangoja." Alivuta pumzi. "Asumini. Kuya."

Asumini alitoka, macho mekundu. Baba yake hakuweza kumtazama. Alimwonyesha sinia kwa kidole.

"Peleka ile chumbani kwa mama yako."

Asumini aliliinua sinia kwa mikono miwili. Udi uliteleza ukaanguka, na wala hakuinama kuuokota. Alipofika penye pazia alisimama, akageuka, akaita jina la Shukuru mbele ya wazee wote, jambo lisilofanywa na binti wa nyumba ile, kisha akaingia ndani. Papa Aruna alikuwa anapangusa macho na kumshukuru Mungu kwa maneno ya Kiarabu na ya Kiswahili yaliyochanganyika.

Shukuru alisogea kwa magoti hadi mbele ya kiti kikubwa. Hakujua afanye nini na mikono yake. Aliinama.

"Asante, papa," alisema, akimwita baba kwa mara ya kwanza.

Mzee Kitwana alikuwa ameufunika uso kwa kiganja.

"Leo usiniite vile," alisema. "Leo niko na haya. Uniite kesho."

Shukuru akaitikia kwa kichwa, akakaa palepale chini karibu na miguu ya mzee, na hakumwita.